Inakubali kwenye laptopu, inakufa ghalani: kujenga GCC 13 ya Pi Zero ndani ya emuleta

Karakana moja ya Ngamiani, Tanga, inatunza visanduku vya kupimia joto na unyevu katika maghala ya mkonge. Mkonge hata ukishafungwa marobota bado hunywa unyevu wa hewani, na hewa ya pwani ya Tanga haina uhaba wa unyevu, kwa hiyo mwenye mali anataka namba za usiku wa manane, si za kesho yake mchana. Ndani ya kila kisanduku mna Raspberry Pi Zero W: prosesa ya ARM1176 ya GHz 1, RAM ya MB 512, kadi yenye Raspberry Pi OS ya kizazi cha Debian 11, na programu moja ya C++ inayosoma kihisi na kutuma vipimo kwa MQTT, itifaki nyepesi ya kutuma ujumbe mtandaoni.

Programu hiyo iliandikwa upya kwenye laptopu yenye Ubuntu 24.04, iliyotoka na GCC 13.2, kompaila inayogeuza C++ kuwa programu. Mwandishi wake akatumia `std::format` ya kupanga maandishi, kitu ambacho maktaba ya C++ ya GCC (libstdc++) ilianza kuwa nacho toleo la 13. Pi zenyewe zina GCC 10.2. Kuinua mfumo mzima wa kila kisanduku kulikataliwa, tena kwa haki: viko juu kwenye kenchi, vimezibwa kwa silikoni, na intaneti yao ni bando la simu. Kilichotakiwa ni kupeleka faili moja tu ya programu, ikae pale pale ilipokuwa ya zamani, ifanye kazi.

Njia ya kwanza ilikuwa ile ambayo kila mtu angeanza nayo: kusakinisha `g++-arm-linux-gnueabihf` kwenye Ubuntu, kukompaili, kupeleka. Mtunza ghala akatuma ujumbe: "Fundi, kile cha mlangoni taa inawaka ila namba haziji." Ukiingia kwa ssh unakuta hivi:

    ./kipimo: /lib/arm-linux-gnueabihf/libc.so.6:
    version `GLIBC_2.38' not found (required by ./kipimo)

Hilo halina fumbo. Ubuntu 24.04 ina glibc 2.39 (maktaba ya msingi ya C ambayo karibu kila programu huitegemea), Debian 11 ina 2.31. Programu iliyounganishwa na glibc mpya huandikiwa ndani yake majina ya matoleo inayoyahitaji, na glibc ya zamani haiwezi kuyatoa. Glibc huvumilia programu zilizozaliwa kabla yake, haivumilii zilizozaliwa baadaye. Ndiyo maana mtu hujenga kwenye mfumo wa zamani kuliko yote anayotarajia kukutana nayo.

Badala ya kurudi kwenye mfumo wa zamani, ikajaribiwa njia ya mkato ya `-static`, kwamba programu ibebe glibc yake yenyewe. Linka, inayounganisha vipande kuwa faili moja, ikatoa onyo lake la kawaida kuhusu `getaddrinfo`, faili ikapatikana, ikajaribiwa kwenye laptopu ndani ya QEMU, emuleta inayoigiza prosesa ya ARM, kwa `qemu-arm-static ./kipimo`, ikakubali vizuri kabisa. Kwenye Pi ikatoa maneno mawili:

    Illegal instruction

Hapa ndipo kisa kilipo, na hapa ndipo watu wengi hupotezea siku.

Jina `armhf` (ARM ya biti 32 inayofanya hesabu za desimali kwenye prosesa yenyewe) linatumiwa na mifumo miwili isiyolingana. Kwa Debian na Ubuntu, armhf ni ARMv7 kwenda juu. Kwa Raspberry Pi OS ya biti 32, armhf imejengwa upya kwa ARMv6 yenye VFPv2, ili Pi ya kwanza na Zero zisiachwe nyuma. Majina ya vifurushi ni yale yale, folda ya `/lib/arm-linux-gnueabihf` ni ile ile, lakini maagizo ya prosesa yaliyomo ndani ya faili ni tofauti. Ukiifungua programu iliyokufa kwa gdb na kuandika `x/i $pc`, utakuta agizo kama `movw`, ambalo ARM1176 hailijui.

Jibu linalokuja haraka ni kuongeza `-march=armv6`. Kompaila ya Ubuntu itakujibu:

    sorry, unimplemented: Thumb-1 'hard-float' VFP ABI

maana imewekwa itoe Thumb (maagizo mafupi ya ARM) kwa kawaida, na ARMv6 ina Thumb ya kwanza tu. Unaongeza `-marm`, inakompaili bila kelele, unapeleka, inakufa tena. Sababu ni kwamba bendera hizo zinagusa mistari uliyoandika wewe peke yake. `crt1.o`, `libgcc.a`, `libstdc++.a` na `libc.a` zilikwisha kujengwa kwa ARMv7 na waliotengeneza kifurushi, na linka inazichukua kama zilivyo. Hakuna bendera ya kuzibadilisha. Ushahidi uko kwenye faili yenyewe:

    readelf -A kipimo | grep -E 'CPU_arch|FP_arch'

Ikisema `Tag_CPU_arch: v7`, usijisumbue kuipeleka. Linka ikiunganisha vipande vya v6 na v7 huandika kile cha juu.

Na emuleta kwa nini ilikubali? Kwa sababu hukuiambia iwe nini. QEMU ya kuendesha programu moja moja, isipoambiwa kitu, huigiza prosesa ya ARM yenye uwezo wote inaoujua. Jaribio la namna hiyo linathibitisha kwamba programu inaendeka kwenye ARM fulani iliyoko kichwani mwa QEMU, basi. Iambie:

    QEMU_CPU=arm1176 qemu-arm-static ./kipimo
    qemu: uncaught target signal 4 (Illegal instruction) - core dumped

Sasa kosa la ghalani linaonekana mezani, bila kupanda kenchi.

Kwa hiyo mazingira yanayofaa lazima yafanane na kisanduku kwa mambo mawili kwa pamoja: glibc 2.31 na ARMv6. `debootstrap` (amri ya kuweka mfumo wa Debian ndani ya folda) ya Debian 11 armhf ingetibu la kwanza na kuliacha la pili. Iliyo sahihi ni picha ile ile ya Raspberry Pi OS Lite inayochomwa kwenye kadi. Toa mfumo wake wa faili, uweke kwenye laptopu:

    sudo apt install qemu-user-static binfmt-support xfsprogs
    truncate -s 25G pi0.xfs && mkfs.xfs pi0.xfs
    sudo mkdir -p /srv/pi0 && sudo mount -o loop pi0.xfs /srv/pi0
    sudo losetup -fP --show picha.img
    sudo mount -o ro /dev/loop20p2 /mnt
    sudo rsync -aHAX /mnt/ /srv/pi0/

Namba ya loop soma kwenye jibu la `losetup`, usiinakili hapa. Ubuntu yenye vifurushi vya snap huwa imeshatumia loop nyingi.

XFS, aina ya mfumo wa faili, haikuchaguliwa kwa mapambo. Programu ya biti 32 inayoendeshwa na QEMU juu ya keneli ya biti 64 hupata taabu kusoma folda zilizo kwenye ext4, mfumo wa faili wa kawaida wa Ubuntu. Ext4 humpa kila anayesoma alama ya mahali alipofika katika folda, na alama hiyo ni namba ndefu ya biti 64. Glibc ya biti 32 inapoipokea haina mahali pa kuiweka, inarudisha kosa la `Value too large for defined data type`. Programu zilizojengwa kwa msaada wa faili kubwa, kama `ls`, hazioni shida yoyote, kwa hiyo ukiangalia kwa macho folda iko sawa. CMake ya Debian 11, chombo cha kuandaa ujenzi, ndiyo inayoumia, na hailalamiki kwa lugha inayoeleweka, inasema tu

    -- The C compiler identification is unknown

na mtu anaanza kuifukua kompaila isiyo na kosa lolote. Kwenye XFS ya ukubwa huu, au kwenye tmpfs, tatizo haliji.

Kabla ya kuingia humo kwa chroot (amri inayoifanya folda ionekane kama ndiyo mfumo mzima), kuna mambo matatu. Angalia kwamba keneli inajua faili za ARM zipelekwe wapi:

    cat /proc/sys/fs/binfmt_misc/qemu-arm

Unataka `enabled`, na katika mstari wa `flags` iwemo herufi F. F maana yake keneli imeshaifungua QEMU tangu wakati wa kusajili, kwa hiyo haihitaji kuitafuta ndani ya chroot. Isipokuwepo, nakili `qemu-arm-static` ndani ya `/srv/pi0/usr/bin`, la sivyo utaambiwa `/bin/bash` haipo, ilhali unaiona kwa macho yako. Kisichopatikana ni mkalimani wake. Ukiambiwa `Exec format error`, basi usajili wenyewe haujafanyika.

La pili, fungua `/srv/pi0/etc/ld.so.preload` na uweke alama ya `#` mbele ya mstari wa `libarmmem`. Ni maktaba ya kuharakisha unakili wa kumbukumbu kwenye Pi halisi. Ndani ya emuleta huleta malalamiko kwa kila amri. La tatu, shikiza `/proc`, `/sys`, `/dev` na `/dev/pts` kwa `mount --bind`. Kisha:

    sudo chroot /srv/pi0 /usr/bin/env QEMU_CPU=arm1176 /bin/bash -l
    uname -m

Jibu lazima liwe `armv6l`. Likiwa `armv7l`, kigeugeu cha `QEMU_CPU` hakijafika. `Sudo` hufuta vigeugeu vya mazingira, ndiyo maana kimepitishwa kwa `env` baada ya chroot, si kabla.

Sasa kompaila. Watu wengi wakisikia "jenga GCC" huanza na binutils (linka na wenzake), halafu maktaba za hesabu za GMP, MPFR, MPC na ISL, zote toka chanzo. Ndani ya emuleta huo ni uharibifu wa muda. Debian 11 ina binutils 2.35.2, inatosha. GCC 13 inataka angalau GMP 4.3.2, MPFR 3.1.0 na MPC 1.0.1, na za Debian 11 ni mpya kuliko hizo. ISL si ya lazima. Basi:

    apt install build-essential libgmp-dev libmpfr-dev libmpc-dev

Chanzo cha GCC 13.2 ni karibu MB 85 kikiwa kimebanwa kwa xz. Kifungue ukiwa nje ya chroot, kwa `tar` ya laptopu yenyewe. Folda ni ile ile, ila kufungua xz kwa kupitia emuleta ni kujitesa bure.

Kabla ya kuandika `configure`, muulize GCC aliyemo: `gcc -v`, usome mstari wa `Configured with`. Waliojenga Raspberry Pi OS wameshakuandikia majibu, nakili kwao:

    mkdir /root/jenga && cd /root/jenga
    ../gcc-13.2.0/configure --prefix=/opt/gcc13 \
      --build=arm-linux-gnueabihf --host=arm-linux-gnueabihf \
      --target=arm-linux-gnueabihf --enable-languages=c,c++ \
      --with-arch=armv6 --with-fpu=vfp --with-float=hard \
      --enable-multiarch --disable-bootstrap \
      --disable-libsanitizer --disable-nls

Folda ya kujengea iwe nje ya folda ya chanzo. GCC haipendi kujengwa humo humo. `--with-float=hard` usiiache kwa kudhani inajulikana. Ikikosekana ujenzi unaweza kwenda mpaka kwenye libgcc ndipo uanguke kwa kukosa `gnu/stubs-soft.h`, na ndani ya emuleta kufika huko si dakika chache. Dalili yake ni hiyo hiyo stubs-soft: kompaila mpya inajiona ni ya hesabu za desimali laini, inatafuta vichwa vya mfumo usiokuwepo. `--enable-multiarch` nayo ndiyo inayomfundisha GCC kwamba Debian huficha `crti.o` katika `/usr/lib/arm-linux-gnueabihf`. Katika ujenzi kama huu GCC kwa kawaida huigundua yenyewe, lakini kuiandika ni salama: bila msaada huo linka inasema haioni `crti.o`.

`--disable-bootstrap` inastahili neno. Kwa kawaida GCC hujijenga mara tatu, ya pili kwa kutumia ya kwanza, ya tatu kwa kutumia ya pili, na kulinganisha mbili za mwisho. Ni ukaguzi mzuri kwa anayesambaza kompaila kwa watu. Kwa mtu anayetaka kukompaili programu moja ya ghala, chini ya emuleta iliyo mara kadhaa polepole kuliko laptopu, jenga mara moja. GCC 10.2 inaifahamu C++11 ambayo chanzo cha GCC 13 kinaihitaji, kwa hiyo hakuna kinachokwama.

Laptopu ya kisa hiki ina kiini 4 na RAM ya GB 8. `make -j4` inakwenda kwa muda mrefu, halafu inafika kwenye zile faili zinazozalishwa na GCC yenyewe, `insn-emit` na ndugu zake, ambazo ni kubwa kupita kiasi. Michakato minne ikikutana hapo pamoja na kivinjari kilichoachwa wazi, keneli huua mmoja:

    fatal error: Killed signal terminated program cc1plus

Hilo si kosa la chanzo. Rudia kwa `-j2`, au ongeza swap ya GB 4. Hesabu salama ni GB 1.5 ya RAM kwa kila mchakato. Ukikutana na `internal compiler error: Segmentation fault`, rudia amri ile ile bila kubadilisha kitu: ikianguka faili nyingine, mtuhumiwa ni memori au joto la laptopu, ikianguka pale pale kila mara, ndipo uanze kuchunguza. Na joto la Tanga la Februari ndani ya chumba cha bati si la kupuuzwa, prosesa hujipunguzia mwendo yenyewe. Anza jioni, weka ndani ya `tmux`, tegemea usiku mzima.

Usiku mzima maana yake umeme unaweza kukatika, na betri ya laptopu iliyochoka haifiki asubuhi. `make` ikianzishwa tena huendelea pale ilipoishia, kwa kuangalia faili gani zipo na tarehe zake. Tatizo ni kwamba laptopu ikizima ghafla, baadhi ya faili za `.o` huwa zimeshaandikwa jina na tarehe lakini yaliyomo hayajafika kwenye diski. `make` inaona faili ipo, inaiamini, na baadaye linka inalalamika `file truncated` au maktaba inakosa majina. Kabla ya kuendelea:

    find /root/jenga \( -name '*.o' -o -name '*.a' \) -size 0 -delete

kisha `make` tena. Vipande vilivyofutwa vitajengwa upya peke yake. Kama umeme ulikatika wakati wa `configure` ya folda ndogo mojawapo, futa folda hiyo nzima, kwani `config.cache` iliyokatika katikati hudanganya. Kuanza upya kila kitu, kama wengi wanavyofanya kwa hasira, hakuhitajiki.

Baada ya `make install`, zamu ya maktaba. Hapa kuna mpaka wa kuuheshimu. Maktaba za C kutoka Debian 11, kama SQLite, zinatumika kama zilivyo. Maktaba ya MQTT iliyoandikwa kwa C++ ilijengwa upya kwa GCC 13, kama `.a`, kwa sababu programu itabeba libstdc++ mpya ndani yake, na `.so` ya C++ kutoka Debian ingeivuta ile ya mfumo iingie nayo. Nakala mbili za libstdc++ ndani ya mchakato mmoja huweza kukaa kwa amani wiki nzima, mpaka siku exception itakaporushwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Kuunganisha mara ya kwanza kulikwama hapa:

    undefined reference to `__atomic_load_8'

Mtu ameweka `std::atomic` ya biti 64 kuhesabu vipimo. Kwa lengo la `armv6`, kompaila haina agizo moja la kusoma biti 64 kwa mkupuo, inaomba msaada wa libatomic. Kwenye laptopu ya x86 ya biti 64 tatizo hilo halipo, kwa hiyo mwandishi hakuwahi kuliona. Mstari uliokubali:

    /opt/gcc13/bin/g++ -std=c++20 -O2 kipimo.cpp -o kipimo \
      libmqtt.a -lsqlite3 -lpthread -l:libatomic.a \
      -static-libstdc++ -static-libgcc

`-l:libatomic.a` ikae baada ya vyanzo na maktaba zinazoihitaji, kwani linka husoma kutoka kushoto kwenda kulia. Nukta mbili zinamlazimisha achukue `.a`, ili kisanduku kisidaiwe `libatomic.so`. Zingatia kwamba glibc haikubebwa safari hii. Inatumika ya kisanduku, na matoleo yanalingana.

Ukaguzi kabla ya kutumia bando:

    readelf -A kipimo | grep -E 'CPU_arch|FP_arch|VFP_args'
    objdump -T kipimo | grep -o 'GLIBC_[0-9.]*' | sort -Vu | tail -1
    readelf -d kipimo | grep NEEDED

Ya kwanza itoe v6 au tawi lake kama v6KZ, na VFPv2. Ya pili isizidi `GLIBC_2.31`. Ya tatu isiwe na `libstdc++`. Faili imenenepa kwa sababu ya libstdc++. `Strip` huipunguza sana, na kwa bando la simu inafaa kufanywa. Endesha ndani ya chroot kwanza, na `QEMU_CPU` ikiwa pale pale. Usiongeze `-march=native` kwa tamaa ya kasi; kompaila ya ARM huisoma `/proc/cpuinfo`, na ndani ya emuleta faili hiyo si ya Pi halisi.

Kuna njia ya kasi zaidi kwa anayejenga kila siku: GCC ya x86 yenye `--target=arm-linux-gnueabihf` na `--with-sysroot=/srv/pi0`, iliyosanidiwa kwa `--with-arch=armv6` ile ile. Keneli iliyo chini ya chroot ni ya x86 siku zote, kwa hiyo kompaila hiyo ikiunganishwa tuli inaweza hata kuitwa kutoka ndani ya chroot na kukimbia kwa kasi yake kamili, huku `configure` na vijiprogramu vyake vya majaribio vikiendelea kuigizwa. Kwa kujenga mara mbili tatu kwa mwaka, ile ya usiku mmoja inatosha na ina viungo vichache vya kuharibika.

Chroot hiyo sasa ni mali, ihifadhiwe. Toka, `umount` kwanza `/dev/pts`, halafu `/dev`, `/sys`, `/proc`, uthibitishe kwa `findmnt -R /srv/pi0` kwamba hakuna kilichobaki zaidi ya yenyewe. Hatua hii si ya hiari kama unakusudia kufuta kitu: `rm -rf /srv/pi0` huku `/dev` bado imeshikizwa inafuta `/dev` ya laptopu yako. Folda ya `/root/jenga` inaweza kwenda, `/opt/gcc13` ibaki, na vilivyosalia vifungwe:

    sudo tar --one-file-system --xattrs -C /srv -cJf pi0-gcc13.tar.xz pi0

Anayeifungua kwenye laptopu nyingine aifungue juu ya XFS.